Plasta Iliyopunguzwa Kiuno

4 Machi

Bwana Chokaa,

Marahaba. Nimeitika mapema kwa sababu najua ungeanza na shikamoo, na leo sina muda wa salamu ndefu.

Nimevunjika. Keti chini, ni kifundo cha mguu wa kulia, si shingo. Juzi asubuhi nilikuwa natoka stoo ya karakana na jora la kitambaa cheusi begani. Zile ngazi ni mbili tu, nazishuka kila siku kwa miaka ishirini na sita, na juzi ya pili sikuiona. Mguu ulijikunja, nikasikia mlio kama mtu amevunja rula, kisha jora likanifunika kama maiti.

Hospitali wakanipiga picha. Daktari, kijana mwenye miwani, hata kukaa hakukaa. Aliinua picha dirishani akasema, "Mama, hatupasui. Plasta wiki sita. Usikanyage. Rudi baada ya wiki." Sentensi nne! Mteja anayetaka kubadilishiwa vifungo namweleza zaidi ya hapo.

Sasa nisikilize. Mke wa kinyozi wa mlango wa pili alivunjika kifundo hichohicho mwaka jana. Akapasuliwa, akatiwa chuma na skrubu saba, na tangu hapo hakuna aliyekaa naye dakika tano asionyeshwe kovu. Mimi nimepakwa chokaa kama ukuta wa choo nikaambiwa niende. Mimi ni nani nisipasuliwe? Wamenihesabu kizee? Au wanaona fundi cherehani hana haja ya mguu?

Basi nimejifariji mwenyewe: kama si cha kupasuliwa, si kitu. Na afadhali, maana nina majoho arobaini ya mahafali ya chuo cha ualimu, na Mkuu wa chuo anayataka tarehe thelathini. Si thelathini na moja.

Sikupigii simu. Ukianza kunihubiria nitakata, na nikikata utasema nimekutukana. Barua hii nampa dereva anayeniletea majora kutoka huko kwenu, na majibu mpe yeye huyohuyo. Nimekukunjia humu na karatasi ya hospitali. Wewe unayeshinda kwenye chumba cha plasta, isome uniambie kama nimedharauliwa.

Dada yako


7 Machi

Dada, shikamoo, na pole sana.

Nimeisoma karatasi mara mbili. Mfupa wa nje wa kifundo umevunjika, wa ndani una ufa, na yote miwili imekaa mahali pake. Hukudharauliwa. Ulitibiwa na mtu mwenye akili asiye na adabu, na hao tunao wengi.

Ila hilo la "si cha kupasuliwa, si kitu" limenikosesha usingizi. Nani aliyewaambia watu kwamba tiba ni kisu? Kila siku wananijia hapa wamenuna kama walionyimwa cheo. "Fulani alitiwa vyuma, mimi je?" Fulani mifupa yake ilikuwa imetawanyika kama njugu! Kisu ni cha mfupa uliotoka mahali pake ukakataa kurudi au kutulia. Wako haujatoka. Halafu wewe una sukari, dada. Wewe ukichomwa kidole na sindano kidonda kinakaa wiki tatu. Sasa fikiria ngozi ya kifundo, nyembamba kama karatasi ya kukatia ruwaza, ipasuliwe, itiwe chuma, ishonwe. Yule kijana alikuepusha na hilo. Angepaswa kukwambia.

Sasa elewa jambo moja tu, mengine yote usahau. Kazi ambayo skrubu ingeifanya, ya kuushikilia mfupa usiende popote, umepewa wewe. Plasta inakusaidia, lakini mwajiriwa ni wewe. Kutopasuliwa ni kazi ya wiki sita, mchana na usiku, bila likizo.

Kwa hiyo, magongo mawili, na mguu hauwekwi chini hata kwa utani. Ukikaa, uinue juu ya kiti chenye mto. Chezesha vidole kila saa. Vikifa ganzi, vikiwa baridi au vikigeuka rangi, nenda hospitali wakati uleule, usimngoje dereva. Na picha ya wiki ya kwanza na ya pili usikose kabisa. Humo ndimo mifupa hutoroka.

Nijibu haya: vidole vinacheza? Plasta inabana, au inapwaya? Nani anakupikia?

Mdogo wako,
wa chumba cha plasta


12 Machi

Bwana Chokaa,

Umeandika kama hakimu. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sasa hapa mkuu ni mimi, na guu lililovunjika ni langu. Methali imekosea nyumba.

Picha ya wiki ya kwanza nimepigwa juzi. "Imekaa vilevile," ndivyo alivyosema yule kijana, safari hii kwa maneno mawili. Anapungua kama sabuni. Kwa hiyo tulia, natii. Magongo ninayo, ingawa yananila makwapa, na yamekwisha kuangusha birika moja na mteja mmoja.

Binti yangu ananipikia. Anapika vibaya kwa makusudi ili nipone haraka.

Usiseme nifunge karakana. Umemsahau yule fundi wa ng'ambo ya barabara, Bwana Kata-Kwanza, anayekata kitambaa halafu ndipo anapima mtu? Tangu nivunjike amehamishia kiti chake mlangoni. Kila mteja akija kwangu anamwita, "Karibu na huku, mama, huku tuna miguu miwili!" Jana alikuja mwenyewe kunipa pole. Alinipa pole huku akiyahesabu majoho yaliyotundikwa, nilimwona midomo ikicheza. Nikifunga wiki moja, Mkuu wa chuo atavuka barabara, na akishavuka harudi.

Lakini usihofu. Majoho kumi na manane yamekwisha, na yamenyooka hata wewe ungehitimu ukayavaa. Ninakwenda vizuri.

Dada yako


14 Machi

Dada, shikamoo.

Kumi na manane kwa siku kumi.

Mimi nimekulia chini ya meza yako ya kukatia. Joho moja lina mshono wa mabega, wa mbavu mbili, mikono, shingo, na pindo refu kama barabara. Kwa mkono hata manne usingemaliza. Binti yako hajui kutia uzi kwenye sindano, ulimlalamikia mwenyewe mwaka jana kurasa tatu. Na cherehani yako ni ile ya miguu.

Kwa hiyo nakuuliza kama wanavyouliza polisi: ni mguu gani unaosukuma pedali?

Usinijibu kwa methali. Niliuliza pia kama plasta inapwaya, hukunijibu. Uvimbe ukishuka plasta hubaki kubwa, hilo humpata karibu kila mtu, si kosa la yeyote. Unarudi, wanaifungua, wanakufunga nyingine inayokamata. Plasta inayopwaya ni kofia ya kuazima, imo kichwani na haikushiki. Na picha ya wiki ya pili ni keshokutwa, tarehe kumi na sita. Nenda. Majoho hayakimbii, mfupa unakimbia.

Nimechoka, dada. Leo nimefunga watu kumi na wanne, wanane kati yao waliharibu wenyewe. Mmoja aliogea nayo. Mwingine alijikuna kwa spoku ya baiskeli mpaka ikabaki humo ndani. Nilidhani kwetu sisi kuna akili.

Mdogo wako


18 Machi

Bwana Chokaa, mpelelezi wa majoho,

Haya, nakiri. Ni mguu wa kulia, kwani wa kushoto haukuzoea, unarudisha gurudumu nyuma na kukata uzi. Lakini kwanza nimekaa kitini, sijasimama. Pili, mguu wenyewe sitii nguvu, plasta ina uzito wake, nikiiachia inashuka na pedali yenyewe. Ninaongoza tu. Jana niliwaambia wateja kwamba nimefungwa mota.

Hiyo ya kupwaya ni kweli, ilikuwa inapwaya. Tangu Jumatano kidole kiliingia, Ijumaa vikaingia viwili, na kila nikisukuma pedali kisigino kikawa kinapanda na kushuka humo kama mtoto anayeruka kamba. Tarehe kumi na sita nilikuwa nimekwisha kuvaa niende hospitali. Nikiwa mlangoni, nani anaingia? Mkuu wa chuo, amekuja kukagua. Ningemwacha na Kata-Kwanza anamkenulia meno kutoka ng'ambo? Nikakaa. Alipoondoka, chumba cha picha kilikuwa kimefungwa.

Lakini usinung'unike, nimelishughulikia. Mdogo wangu, mimi napunguza viuno vya watu tangu hujaota ndevu. Kitu kikipwaya kinapunguzwa, kuna siri gani? Nimechukua mkasi mkubwa wa makoti, nikaipasua upande wa nje kutoka juu hadi karibu na kisigino. Vumbi lake lilijaa kwenye cherehani, hilo pekee ndilo ninalojutia. Nikaondoa utepe wa vidole viwili. Ndani, pale penye uwazi, nikaweka pedi za mabega, nne, za sponji nzuri zilizobaki kwenye suti ya yule mchungaji mnene. Kisha nikaikutanisha kwa sindano ya magunia na uzi wa viatu, mshono wa msalaba, nikamalizia na bendeji juu. Imekaa! Ukiiona utaniomba ruwaza.

Majoho thelathini na moja. Yamebaki tisa.

Dada yako,
fundi wa nguo, na sasa wa plasta


20 Machi

Dada,

Leo sikuamkii.

Plasta si sketi. Kazi yake si kukaa vizuri. Ilifinyangwa na mikono ya mtu aliyeubana mguu wako sehemu tatu mpaka ikakauka, na hizo sehemu tatu ndizo zilizokuwa zikiushika mfupa. Ulipotia mkasi umezikata zote tatu. Ulichovaa sasa ni kiatu kibovu chenye sponji.

Na hizo pedi za mchungaji zinakaa juu ya mfupa, kwenye mguu wa mtu mwenye sukari. Zikikutoboa ngozi huenda hata usisikie.

Ukiisoma barua hii inuka uende, kwa magongo, na mguu juu. Usimalize mshono ulioko kwenye mashine. Nikipata jibu lenye neno "joho" kabla ya neno "picha", nitakuja mwenyewe niichukue pedali niitupe kwenye shimo la taka.

Mdogo wako


25 Machi

Mdogo wangu,

Picha. Nimeliandika kwanza, uridhike.

Mfupa umetoka. Wa nje umeteleza, na ule uliokuwa na ufa tu sasa umefunguka, na mguu wote umeegemea nje kidogo. Kidogo kama upana wa mshono, lakini nimekiona mwenyewe, hakikuhitaji miwani. Chini ya pedi pana doa jekundu kama sarafu, ngozi haijatoboka. Kwa hilo nashukuru.

Nilipoingia chumba cha plasta, hata sijakaa, mfunga plasta wao akasema, "Wewe ndiye dada wa pedali?" Umenichongea! Umeandika barua huko nyuma ya mgongo wangu, tarehe kumi na nne, amenionyesha. Plasta yangu ameitoa taratibu akaiweka juu ya kabati. Anaita wenzake waje waione. Mmoja aliusifia mshono, nikamwambia asante kabla sijajua kwamba napaswa kuona haya.

Walinipa nusu kaputi, wakauvuta mguu wakaurudisha. Wamesema kwa bahati mfupa ulikuwa bado laini. Plasta mpya inapita goti, nimekuwa nusu mlingoti. Yule kijana wa miwani safari hii alikaa. Akasema hii ni nafasi ya mwisho. Picha baada ya wiki, na ukitoka tena watapasua, sukari au si sukari, na hawezi kuniahidi kidonda kitafunga. Nilimwuliza, "Kisipofunga?" Akatazama meza. Sasa ninajua kwa nini huwa anasema maneno machache.

Nimeogopa. Basi, nimelisema.

Lakini usifikiri umeshinda. Nakuuliza wewe na wenzako wote wenye mikono myeupe, nani kati yenu aliyeniuliza mguu huu unafanya kazi gani? Mtu akinijia na nguo, kabla sijagusa futi namwuliza: unavaa wapi, unainama, unabeba mtoto? Nyinyi mnasema "usikanyage" halafu mnamwita anayefuata. Nikifika nyumbani kuna pedali. Pedali mliitaja? Hata wewe! Umekulia chini ya meza yangu, kelele za pedali ndizo zilizokubembeleza usingizi, na barua yako ya kwanza umeniandikia vidole, mto, rangi. Pedali hukuandika. Uliikumbuka nilipohesabu majoho.

Yamebaki tisa yaleyale, barua yako ilinikuta bado nayakata. Nimelitaja mwisho, kama ulivyotaka.

Dada yako


28 Machi

Dada, shikamoo.

Nimekaa na barua yako siku nzima nikitafuta pa kukupinga. Sikupata. Mtu huniambia "mimi ni fundi cherehani" na mimi naandika "fundi cherehani" kwenye fomu, kisha nampa maagizo yaleyale ninayompa mlinzi wa usiku. Tangu jana nimeanza kuuliza. Wa kwanza alikuwa mwuza maji. Alicheka, akasema, "Kumbe hata mkokoteni nisisukume?" Alikuwa na plasta siku tisa. Siku zote tisa alisukuma.

Kukuchongea sikuombi radhi. Ningekuchongea tena leo.

Sasa nisikilize, maana hapa hatutaniani. Mguu uliokwisha kutoka mara moja umejifunza njia. Unasema yamebaki tisa. Najua unavyojisemea moyoni: tisa tu, na plasta mpya ni ndefu, imara, nitaiweka pembeni nisukume kwa wa kushoto. Usisukume kwa wowote. Ukisukuma kwa wa kushoto kiuno kinacheza, na kiuno kikicheza wa kulia unajikaza humo ndani bila ruhusa yako.

Wape watu wengine hayo tisa. Fundi aliye karibu ni mmoja. Unamjua.

Ndiyo, yeye.

Mkuu wa chuo akivuka barabara na avuke. Nitakuchukia zaidi ukifunga karakana kwa sababu ya ukaidi kuliko nitakavyokuchukia ukiifunga kwa sababu ya Kata-Kwanza. Na usiniambie nije nikusaidie. Niliomba likizo jana, wamesema tuko wawili tu chumbani na mwenzangu anajifungua mwezi huu. Nimewaka kwa hasira, lakini ndivyo ilivyo. Huko uko peke yako na akili yako. Itumie.

Mdogo wako


2 Aprili

Mdogo wangu,

Picha: umekaa.

Nilimtuma binti yangu ng'ambo ya barabara akamwite. Alikuja mbio, kwa miguu yake miwili. Nikamwambia, "Kuna majoho tisa. Kitambaa kimekwisha kukatwa, wewe usikate chochote, sikia, hata uzi kata kwa meno." Nilingoja dhihaka, nilikuwa nimejiandaa na majibu matatu. Akasema tu, "Dada, pindo unaweka vidole vingapi?" Akayakunja, akayabeba kifuani kama mtoto, akavuka.

Nililia. Usimwambie mtu.

Nililala siku mbili, usiku na mchana, mguu ukiwa juu ya mito mitatu, nasikia cherehani yake kutoka ng'ambo, ya umeme ile, inalia kama nzi kwenye chupa. Mimi natazama dari, mpaka tarehe thelathini jioni yote tisa yakafika chuoni. Hakuna kazi ngumu kama hiyo niliyowahi kupewa, na mimi nimewahi kushona gauni la harusi la bibi harusi aliyekuwa akinenepa kila wiki.

Dada yako


17 Mei

Mdogo wangu,

Picha ya jana imeonyesha mfupa umeunga, umenyooka. Hawatapasua. Yule kijana aliniambia akiwa amekaa, na alitumia dakika kumi, mpaka nikaanza kuchoka naye. Aliniuliza cherehani ina pedali ya namna gani. Nikamchorea.

Plasta wameitoa. Mguu uliotoka humo si wangu, ni wa kuku. Mwembamba, una magamba, na kifundo hakipindi. Nakiamrisha kipande, kinapanda upana wa kidole kimoja kisha kinagoma. Wamenipa mazoezi na fimbo, na wamesema huenda kisirudi chote. Hilo la "huenda" ndilo malipo ya mkasi wangu, najua, usiniandikie.

Mahafali nilikwenda kwa gari la Mkuu wa chuo, nikakaa nyuma. Arobaini walipita mbele yangu kwa safu. Niliapa nitayatambua yale tisa ya Kata-Kwanza kabla hawajafika jukwaani. Nilitazama mapindo, nikatazama mabega. Mdogo wangu, sikuliona hata moja. Limeniuma kuliko mfupa. Baadaye Mkuu wa chuo aliniambia kazi ni nzuri, na mwakani atahitaji sitini. Nikamwambia sitini ni ya mafundi wawili. Sijui nani alinitolea maneno hayo mdomoni, lakini Kata-Kwanza alikuwa amesimama karibu na amekwisha kusikia, sasa nimekwama naye.

Leo asubuhi, kwa ruhusa ya hospitali, ruhusa ya maandishi, ninayo hapa, nimekaa kwenye cherehani. Binti yangu alisimama mlangoni akijifanya anafagia. Niliweka mguu kwenye pedali. Nikaisukuma. Kifundo kiligoma katikati, gurudumu likarudi nyuma, uzi ukakatika. Nikatia uzi tena. Ukakatika. Mara ya tatu ilikwenda, polepole, kama mtu anayejifunza, ile kelele ya zamani lakini yenye kigugumizi.

Nimeshona mstari mmoja, urefu wa futi moja, kwenye kipande cha kitambaa cheusi. Nimekutilia ndani ya bahasha. Umepinda kutoka mwanzo hadi mwisho, mwanafunzi wangu akinishonea hivyo ningemfumulisha.

Usiniandikie lolote juu yake. Kiweke tu.

Dada yako